Nikipiga chafya darasani nabana miguu

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma mjini, naishi Mwanga, nina miaka 31. Miezi mitano iliyopita nilijifungua mtoto wa pili, wa kiume, kilo 3.9, kwa njia ya kawaida. Nilichanika nikashonwa nyuzi. Siku 84 za likizo zilikwisha kama ndoto, nikarudi kushika chaki.

Shida zangu ni nyingi, sijui hata nianze na ipi. Tumbo limegoma kurudi. Watoto wa darasa la pili wananiuliza, "Mwalimu, una mtoto mwingine humo?" Mama mkwe wangu, anayekaa Ujiji, alinifunga mkaja tangu siku ya tatu, kanga mbili zimekazwa hasa, akaniambia nisiufungue mpaka arobaini. Nilivumilia mpaka kupumua nikawa napumua kwa shida, lakini tumbo lenyewe ndilo hili hapa.

Wifi yangu yumo kwenye klabu ya jogingi. Jumamosi moja akaja kunichukua alfajiri, twende tukateremshe kitambi. Kukimbia nilijikaza. Tulipofika uwanjani Lake Tanganyika tukaambiwa turuke huku tunapiga makofi juu ya kichwa, na hapo ndipo mkojo uliponitoka. Si tone, Shangazi. Ulifika magotini. Nilijifunga kanga kiunoni, nikadanganya kwamba binti wa nyumbani amenipigia mtoto analia, nikapanda bodaboda nikaondoka. Sijarudi. Tangu siku ile nimegundua kuwa hata vumbi la chaki likinipiga nikataka kupiga chafya, lazima kwanza nibane miguu.

Nywele zinatoka, nikichana kitana kinajaa. Mwezi wa pili baada ya kujifungua nilikonda sana, usiku moyo unanienda mbio, jasho, nikasema ni kukosa usingizi. Sasa imekuwa kinyume. Kilo zimerudi zote na nyongeza, choo kigumu, uchovu hauishi hata nikilala. Na baridi! Mchana kweupe wenzangu ofisini wanajipepea kwa madaftari, mimi nimevaa sweta. Halafu nalia. Juzi nimelia kwa sababu migebuka imeungua jikoni.

Kwa mume wangu hamu sina, na nikijilazimisha ni pakavu, naumia. Hasemi kitu, ila kule kunyamaza kwake ndiko kunakonitisha. Na mama mkwe anasema tukikutana tutambemenda mtoto.

Nilikwenda zahanati moja nikaambiwa, "Ni homoni tu mama, zitakaa sawa." Kuna mama mtaani anauza unga wa kubalansi homoni na kusafisha kizazi, nimeununua kwa 45,000. Uko kabatini, sijauanza kwa kuwa nanyonyesha.

Naomba uniambie: nifanye mazoezi gani ya kurudisha homoni na kukata tumbo? Na ni kweli ukinyonyesha ukitoka mazoezini maziwa yanakuwa machungu? Wifi ananiambia nikamue ya mwanzo nimwage.

Mama wa Wawili, Mwanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutoka salama. Barua yako nimeisoma mara mbili. Wewe umeandika kuhusu tumbo, mimi nimesimama kwenye sweta.

Miaka yangu ya ukunga ilinifundisha kwamba neno homoni limekuwa kapu la sokoni, kila mtu anatupia humo asichokijua. Mama amechoka: homoni. Analia: homoni. Anavuja mkojo: homoni. Kapu hilo tulimwage chini tuchambue, maana ndani yake kuna mambo manne au matano tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Nianze na hilo la sweta. Moyo kwenda mbio, jasho na kukonda mwezi wa pili; kisha mwezi wa tano baridi, uchovu, choo kigumu na uzito kupanda. Ipo tezi shingoni, mbele, chini kidogo ya koromeo, wanaiita thairoidi. Kwa baadhi ya wanawake hupata uvimbeuchungu, ambao mara nyingi hata hauumi, ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Mwanzoni humwaga homoni yake kupita kiasi, mwili unakwenda kasi. Baada ya miezi kadhaa huishiwa, mwili unapoa. Wengi hupona wenyewe, wengine huhitaji vidonge kwa muda, na wapo wanaohitaji maisha yote. Sikupimi kwa barua. Lakini usitoke tena kituo cha afya na "zitakaa sawa" bila kutolewa damu. Mwambie daktari mambo haya kwa mpangilio huohuo wa miezi, kisha uombe kipimo cha TSH, ndicho kipimo cha damu cha tezi hiyo. Kama pale hakipo, uliza hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, kama wanakifanya au sampuli inapelekwa kwingine.

Sindano hiyohiyo ya damu itumike pia kupima wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya 12 ni upungufu, na upungufu wa damu unachosha, unaendesha moyo mbio na unadondosha nywele vizuri tu bila msaada wa homoni. Umejifungua mtoto mkubwa, umechanika, damu imekutoka. Vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu ulivipewa ukavimaliza, au vipo kwenye mkoba na kadi ya kliniki? Najua jibu la wengi. Chai ya rangi usiinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie. Kamulia ndimu kwenye dagaa na kisamvu chako, ndimu inayasaidia. Mawese unayo nyumbani kwako tele, nayo yana vitamini A, endelea nayo.

Sasa homoni zenyewe, zile za uzazi. Ulipokuwa mjamzito, kondo la nyuma ndilo lililokuwa likitengeneza estrojeni na projesteroni kwa wingi. Lilipotoka, kiwanda kilifungwa saa ileile, na ndani ya siku chache homoni hizo zikaporomoka. Ndiyo maana mzazi wa siku ya tatu au ya nne hulia uji ukipoa, hulia ukiwa wa moto. Kilio kile hakipiti wiki mbili. Halafu, kwa kuwa unanyonyesha, prolaktini imepanda kutengeneza maziwa, nayo inaifanya estrojeni ibaki chini. Estrojeni ikiwa chini, uke unakauka na hamu inapungua. Kwa hiyo pale kwa mumeo, mwanangu, kweli ni homoni, na itapungua kadiri mtoto anavyopunguza kunyonya. Kwa sasa nunua kilainishi cha maji duka la dawa. Mafuta ya kupaka hayafai, na mkitumia kondomu mafuta yanaipasua. Kama maumivu yapo palepale ulipochanika, mkunga aangalie mshono. Nywele nazo zina kisa chao: mimba ilizizuia zisidondoke, sasa zinadondoka zote kwa pamoja. Huanza karibu na mwezi wa tatu, na mtoto anapotimiza mwaka nyingi zinakuwa zimeshaota upya.

Je, mazoezi yatairudisha estrojeni? Hapana, wala usimwamini anayekuuzia ratiba ya mazoezi kwa jina hilo. Kinachofanywa na mazoezi ni kingine, na kwako kina thamani zaidi: yanapunguza huzuni, yanatengeneza usingizi, yanasaidia mwili kutumia sukari vizuri, na yanarudisha misuli iliyotanuliwa kwa miezi tisa. Ila lazima yaanzie chini yapande juu. Wifi yako, kwa nia njema kabisa, alikuanzishia juu.

Mkojo ulikutoka kwa sababu chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama wavu wa kitanda, inabeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mtoto wa kilo 3.9 amepita hapohapo. Ukiruka, uzito wote wa tumbo unadundia kwenye wavu uliolegea. Arnold Kegel, daktari wa Marekani, aliandika kuhusu kuikaza misuli hii tangu mwaka 1948, na hadi leo zoezi lake ndilo la kwanza kwa mama anayevuja.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage godoro. Vuta pumzi tumbo lipande. Ukiitoa, bana njia ya haja kubwa kama unayezuia upepo mbele ya wakwe, kisha ulete kubana huko mbele mpaka njia ya mkojo, halafu uinue kwa ndani kama unayenyonya kitu juu. Weka kiganja kwenye kalio: likikaza, umekosea. Mapaja yakikaza, umekosea. Ukijikuta umeshikilia pumzi, anza upya. Hesabu hadi tano, achia, na hapo kwenye kuachia usiwe na haraka, misuli ilegee kabisa kwa hesabu nyingine tano. Fanya mara nane mpaka kumi na mbili, mara tatu kwa siku. Ukishazoea, fanya umekaa, kisha umesimama. Wewe ni mwalimu, una bahati ambayo wengine hawana: kila kengele ya kipindi ikigonga, bana mara kadhaa kabla hujafungua kitabu. Hakuna mtoto wa darasa la pili atakayejua. Usilifanye zoezi hili huku unakojoa, utakivuruga kibofu.

Ukisikia chafya inakuja, bana kwanza misuli hiyo, ndipo uachie chafya. Miguu iache. Baada ya siku chache za mazoea utaona tofauti, ijapokuwa misuli kupata nguvu kweli kunahitaji miezi mitatu ya kutokosa. Ila ukisikia uzito kama kitu kinataka kushuka ukeni, au ukaona uvimbe pale, usijitibu nyumbani. Nenda, kizazi huenda kimeteremka.

Tumbo sasa. Ukiwa bado umelala chali, weka vidole juu ya kitovu vikiwa vimepangwa kukata tumbo, ncha zikielekea miguuni, halafu inua kichwa tu kutoka kwenye mto. Utasikia kingo mbili za msuli zikikaribia vidole vyako. Kati yake kuna mfereji? Ukiingiza vidole zaidi ya viwili, misuli ya tumbo bado imeachana, na hicho unachokiona kwenye kioo kwa sehemu kubwa ni matumbo yaliyokosa ukuta. Mafuta ni sehemu tu. Hapo zile sitapu za kukata tumbo si za kuanza nazo: kila ukijinyanyua katikati panachomoza kilima kama mgongo wa samaki. Ziache. Fanya zoezi la pumzi nililokueleza, ongeza kuteleza kisigino kimoja mbele na kukirudisha huku unatoa pumzi, kisha daraja, yaani kunyanyua kiuno magoti yakiwa yamekunjwa. Kuamka kitandani, geukia ubavuni kwanza ndipo ujisukume kwa mkono. Ndoo ya maji usiikwapue: toa pumzi, bana, ndipo uinue, na kama binti yupo mjaze nusu nusu mbebe wawili.

Kuhusu mkaja nitasema kidogo maana nisije nikagombanisha watu na wakwe zao. Mkaja una heshima yake, mpaka kwenye mahari mama wa binti hupewa fungu la mkaja kwa kukumbuka kitambaa kile alichojifunga. Ukifungwa kwa ulegevu unashika mgongo, mama anajisikia amekusanyika. Ukikazwa mpaka pumzi inagoma, ile nguvu inakwenda wapi? Inashuka chini, kwenye wavu uleule, na mshono wa siku tatu ukiwa mbichi. Mimi mwenyewe kwa mwanangu wa kwanza nilifungwa na mtu wangu wa karibu mpaka nikazimia bafuni, na nilikuwa tayari nimevaa gauni jeupe la ukunga miaka miwili. Sikuwa na ubavu wa kumkatalia. Kwa miezi mitano uliyofika, huuhitaji tena, na mama mkwe atafurahi ukimwambia uliumaliza.

Ukishakuwa na wiki mbili za zoezi la chini, anza kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mama aliyejifungua asiye na kizuizi cha kiafya afikie dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Ni nusu saa, siku tano. Usianze na nusu saa. Dakika kumi jioni, kila wiki uongeze tano. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: uweze kuongea, usiweze kuimba. Na uchague njia, kwani Kigoma yetu ni milima. Kuteremka barabara ya Lumumba chini ya miembe kuelekea stesheni kila mtu anaweza, kazi ni kurudi Mwanga. Mwezi wa kwanza tembea palipo tambarare, mteremko uuache mpaka uvujaji upungue. Klabu ya wifi utarudi siku utakayoweza kuruka mara kumi nyumbani, kibofu kikiwa hakijatoka kumwagwa, ukabaki mkavu. Ukiona damu imeanza kutoka upya, kifua kinabana, au mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu, acha na uende hospitali siku hiyohiyo.

Usijinyime kula ili upungue. Kunyonyesha peke yake kunakula takriban kalori 500 kwa siku.

Maziwa hayawi machungu. Mazoezi ya wastani hayabadilishi wingi wa maziwa wala ukuaji wa mtoto. Akigeuza uso ukitoka kutembea, kalamba chumvi ya jasho: futa titi kwa maji, mpe. Kukamua na kumwaga ni kumwibia mtoto. Nyonyesha kabla hujatoka, utatembea matiti yakiwa mepesi. Na kwa kuwa umerudi kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Mwalimu mkuu akishangaa, mwonyeshe.

Kubemenda. Mtoto hadhoofiki kwa sababu baba na mama wamelala pamoja. Anadhoofishwa na njaa, kuhara, malaria, na mara nyingi na mama aliyeshika mimba nyingine mapema mno akamwachisha ziwa. Nadhani wazee walikuwa wanalinda hiyo nafasi kati ya mtoto na mtoto, wakaipa jina la kutisha. Wewe ilinde kwa njia nyingine. Hedhi kutorudi si kinga kwako, maana kinga ya kunyonyesha inataka mtoto awe chini ya miezi sita na asipewe kingine chochote, nawe uko darasani tangu asubuhi. Kitanzi, vijiti au sindano vinakubaliana na maziwa. Vidonge vyenye estrojeni subiri mtoto atimize miezi sita.

Mumeo mwambie kwa maneno kwamba inauma na kwa nini inauma. Mwanaume akinyamaza hujaza mwenyewe sababu, na ile anayoijaza huwa mbaya kuliko ya kweli. Halafu mpe kazi: kuanzia saa kumi na mbili jioni mtoto ni wake mpaka utakaporudi kutembea. Hiyo ndiyo klabu yako kwa sasa.

Kilio ndicho nisichotaka ukichukulie kirahisi. Migebuka kuungua si jambo la kumliza mtu miezi mitano baada ya uzazi. Inaweza kuwa ile tezi, maana nayo inaleta huzuni. Inaweza kuwa sonona ya uzazi, ambayo ni ugonjwa na ina tiba hata kwa anayenyonyesha. Siku utakapompelekea daktari habari za sweta, mtajie na migebuka. Na ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usiingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu aliye karibu nawe wakati huohuo, mwende hospitali pamoja.

Unga wa kabatini usiunywe. Muulize aliyekuuzia una nini ndani; akikujibu "mitishamba tu", umeshajibiwa. Kizazi chako hakihitaji kusafishwa, kilijisafisha chenyewe na kurudi mahali pake ndani ya wiki sita hivi. Hela jaribu kuidai, ingawa sikuahidi.

Majibu ya damu yakitoka niandikie namba zilizoandikwa, tuzisome pamoja. Na niandikie tena siku utakayopiga chafya mbele ya darasa la pili ukiwa umesimama miguu mbalimbali.